Nataka kuandika draiva ya Wi-Fi: nianzie wapi?

Swali hili huja kwa sura nyingi, lakini mzizi wake ni mmoja. Mtu anajua C kiasi, ana kifaa cha Wi-Fi cha USB ambacho Linux haikitambui, na anataka kukiandikia draiva. Anafungua msimbo wa draiva iliyopo, anakutana na maelfu ya mistari, anaufunga. Mwongozo huu unahusu kazi inayotakiwa kufanyika kabla ya kuufungua msimbo huo. Mwishoni hutakuwa na draiva iliyokamilika, ila utaweza kusoma draiva ya mtu mwingine ukaelewa kwa nini kila kipande kipo pale kilipo.

Niseme mapema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: sehemu kubwa ya kazi hii haihusu redio. Inahusu kumbukumbu, kufuli, foleni na mpangilio wa kuachilia vitu ulivyoviomba. Anayeyaruka hayo akakimbilia mawimbi hukwama siku mashine yake inapoganda na hajui pa kutazama.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- C ya kutosha. Vielekezi, `struct`, kuchezea biti kwa `&`, `|` na `<<`, na hasa vielekezi vya funksheni. Draiva ya Linux kimsingi ni jedwali la funksheni unalolikabidhi kwa kerneli (kiini cha Linux), nayo inaziita inapozihitaji. Kama jambo hilo bado linakusumbua, lishughulikie kwanza.
- Mashine pepe (virtual machine) yenye Linux. Hili si la hiari. Kielekezi kimoja kibovu ndani ya kerneli kinaweza kugandisha mashine nzima au kuharibu mafaili yako. Hifadhi nakala ya hali ya mashine pepe kabla ya kila jaribio jipya.
- Zana. Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r) iw hostapd tcpdump
```

- Msimbo kamili wa kerneli, kwa ajili ya kusoma. Chukua toleo lililo karibu na lile linaloonyeshwa na `uname -r`.
- Kifaa cha Wi-Fi ambacho tayari kina draiva huria. Ndiyo, ambacho tayari kinayo. Utahitaji kitu kinachofanya kazi ili ulinganishe. Chipu ya Atheros AR9271 inafaa sana: draiva yake, `ath9k_htc`, imo ndani ya kerneli, na hata programu dhibiti yake (firmware, ile inayokimbia ndani ya chipu) ni huria. Hutakihitaji kifaa hiki mpaka hatua ya 7, basi usisubiri kukipata ndipo uanze.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli unahitaji draiva

Chomeka kifaa, kisha tazama:

```
lsusb
sudo dmesg | tail -n 40
```

`lsusb` inakupa namba mbili zilizotenganishwa na nukta pacha, kwa mfano `0cf3:9271`. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya bidhaa. Kwa namba hizo kerneli huamua draiva ipi iitwe. Zitafute (kwenye faili hii zimeandikwa kwa herufi kubwa):

```
grep -i 0cf3p9271 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias
```

Ukipata jibu, draiva ipo. Tatizo lako huenda ni programu dhibiti iliyokosekana kwenye `/lib/firmware`, na hilo humalizwa kwa kusakinisha kifurushi kimoja. Wakati mwingine chipu inatambulika na draiva iliyopo ila mtengenezaji ameipa bidhaa yake namba mpya. Hapo marekebisho ni mstari mmoja kwenye jedwali la namba. Nimeona watu wakipanga miezi ya kazi kwa ajili ya mstari huo mmoja.

## Hatua ya 2: Andika moduli isiyofanya lolote

Moduli ni kipande cha msimbo unachoweza kukipakia na kukiondoa kwenye kerneli inapokimbia.

```c
#include <linux/module.h>
#include <linux/init.h>

static int __init jaribio_init(void)
{
	pr_info("jaribio: nimeingia\n");
	return 0;
}

static void __exit jaribio_exit(void)
{
	pr_info("jaribio: naondoka\n");
}

module_init(jaribio_init);
module_exit(jaribio_exit);
MODULE_LICENSE("GPL");
```

Ihifadhi kama `jaribio.c`. Kando yake weka faili iitwayo `Makefile` yenye mstari mmoja tu, `obj-m := jaribio.o`, kisha:

```
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules
sudo insmod jaribio.ko
sudo dmesg | tail
sudo rmmod jaribio
```

Folda yako isiwe na nafasi katikati ya jina lake. Mfumo wa kujenga kerneli hauzivumilii. Na usiuondoe mstari wa leseni. Funksheni nyingi ambazo draiva ya Wi-Fi inazitegemea hutolewa kwa moduli za GPL peke yake.

Zoea mapema kwamba humu hakuna `printf`, hakuna `malloc`, hakuna namba zenye nukta ya desimali (`float`), na staki ni ndogo: KB 16 kwenye x86 ya biti 64. Safu kubwa uliyozoea kuitangaza ndani ya funksheni hapa inaweza kuangusha mfumo.

Kabla ya kusonga mbele, ipe `jaribio_init` kazi tatu za kuomba kumbukumbu kwa `kmalloc`, kisha ifanye ya tatu ishindwe kwa makusudi. Funksheni irudishe `-ENOMEM` na iachilie zile mbili za kwanza kwa mpangilio wa kinyume, ukitumia `goto`. Ndiyo, `goto`. Kwenye kerneli hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kusafisha baada ya kosa, na utaiona katika kila draiva utakayoisoma.

## Hatua ya 3: Jua ni wapi unaruhusiwa kusubiri

Ukilazimika kuchagua hatua moja tu ya kuirudia mara mbili, iwe hii.

Msimbo wa kerneli hukimbia katika mazingira ya aina mbili. Kuna pale unaporuhusiwa kusubiri: mtumiaji ametoa amri, kerneli inamhudumia, na kazi yako ikichelewa prosesa inapewa mwingine. Na kuna pale usiporuhusiwa kabisa, yaani kifaa kimekatiza kazi ya prosesa kusema pakiti imefika, au umeshika kufuli ya `spinlock` (anayeisubiri huzunguka tu bila kulala). Ukisubiri hapo, mashine inaweza kukwama.

Kwa vitendo:

- Panaporuhusiwa kusubiri, omba kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL`. Pasiporuhusiwa, tumia `GFP_ATOMIC`, na uwe tayari kunyimwa.
- `mutex`, kufuli ambayo anayeisubiri hulala, ni ya mazingira ya kwanza tu. `spinlock` inafaa kote, lakini ishike kwa muda mfupi mno.
- Kazi ndefu iliyozuka pasiporuhusiwa kusubiri iahirishe kwa `schedule_work`, itekelezwe baadaye mahali panaporuhusu.

Kwa Wi-Fi ya USB jambo hili linauma zaidi. Kuandika rejista ya chipu kwa `usb_control_msg` ni kitendo kinachosubiri. Kwa hiyo hata kubadili chaneli, ambako kwenye kadi ya PCI huenda ni kuandika namba chache kwenye kumbukumbu, kwenye USB hakuwezi kufanyika ukiwa umeshika `spinlock`. Anayeanza hunakili muundo wa draiva ya PCI, halafu anashangaa onyo la `scheduling while atomic` linatoka wapi.

Kama unaweza kujijengea kerneli ya mazoezi, washa `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, `CONFIG_PROVE_LOCKING` na `CONFIG_KASAN`. Mashine itakuwa nzito, lakini makosa yatakamatwa siku unapoyaandika.

## Hatua ya 4: Tengeneza kadi ya mtandao ya bandia

Sasa soma `drivers/net/dummy.c`. Ni fupi na haina kifaa nyuma yake. Kisha andika ya kwako: omba kifaa kwa `alloc_etherdev`, kipe anwani kwa `eth_hw_addr_random`, weka jedwali lako la `net_device_ops`, na mwisho kabisa ita `register_netdev`. Nasisitiza mwisho kabisa. Mara tu funksheni hiyo inapoitwa, mtu anaweza kukiwasha kifaa chako hata kabla haijarudi. Chochote ambacho hujakiandaa wakati huo kitakuumbua.

Moyo wa draiva hii ni funksheni ya kutuma:

```c
static netdev_tx_t jaribio_xmit(struct sk_buff *skb,
				struct net_device *dev)
{
	dev->stats.tx_packets++;
	dev->stats.tx_bytes += skb->len;
	dev_kfree_skb(skb);
	return NETDEV_TX_OK;
}
```

Mistari michache, mitego mitatu. Kwanza, urefu unasomwa kabla ya kuachilia `skb`. Ukigeuza mpangilio unasoma kumbukumbu ambayo si yako tena. Pili, ukirudisha `NETDEV_TX_OK`, pakiti ni mzigo wako: usipoiachilia, kumbukumbu inavuja kila pakiti inapopita. Tatu, ukirudisha `NETDEV_TX_BUSY`, pakiti bado ni ya kerneli, na ukiiachilia itaachiliwa mara mbili. Kifaa chenye foleni iliyojaa hutakiwa kusimamisha utumaji mapema kwa `netif_stop_queue`, kisha kuuruhusu tena kwa `netif_wake_queue` nafasi ikipatikana.

Chukua muda na `sk_buff` yenyewe, muundo unaobeba pakiti ndani ya kerneli. Ina vielekezi vinne: `head` na `end` ni mipaka ya kumbukumbu iliyoombwa, `data` na `tail` ni mipaka ya pakiti iliyomo. Chora mstari kwenye karatasi, kisha fuatilia `skb_reserve`, `skb_put`, `skb_push` na `skb_pull` zinavyovisogeza vile viwili vya ndani. Dakika kumi za kalamu hapa zinaokoa mengi, kwa sababu draiva ya Wi-Fi haiachi kuongeza na kuvua vichwa vya pakiti.

Jaribu kazi yako. Tuseme kifaa kimepewa jina `eth1`:

```
sudo ip addr add 10.9.9.1/24 dev eth1
sudo ip link set eth1 up
ping -c 3 10.9.9.2
ip -s link show eth1
```

Ping haitajibiwa, bila shaka, lakini hesabu ya pakiti zilizotumwa itapanda. Fungua `tcpdump -i eth1 -e -n` utazame kilichotoka: ni maombi ya ARP, si ping, kwa kuwa hakuna aliyejibu `10.9.9.2` ni nani. Mpe jirani huyo anwani kwa `sudo ip neigh add 10.9.9.2 lladdr 02:00:00:00:00:02 dev eth1`, rudia, na sasa ping yenyewe itaonekana ikitoka.

Ukifuata mafunzo ya zamani utakuta wanaandika moja kwa moja ndani ya `dev->dev_addr`. Kerneli za sasa zinakataa hilo, tumia `eth_hw_addr_set`.

## Hatua ya 5: Ijue 802.11 kiasi cha kukutosha

802.11 ndicho kiwango kinachoeleza Wi-Fi. Usisome hati yake nzima. Ni ya maelfu ya kurasa. Kwa sasa yatakutosha haya.

Fremu, yaani pakiti za hewani, ziko za aina kuu tatu: za usimamizi, za udhibiti na za data. Kujiunga na mtandao hufuata mpangilio: kusikia tangazo la kituo (access point) au kukiuliza, kuthibitishwa, kusajiliwa, kisha kubadilishana funguo kwa jumbe nne kama mtandao una nywila. Hayo yakikamilika ndipo IP inapoingia.

Ongeza jambo moja linalohusu draiva moja kwa moja. Fremu iliyopokelewa vizuri inatakiwa kuanza kujibiwa kwa ACK (uthibitisho wa kupokea) baada ya mikrosekunde 10 kwenye 2.4 GHz, au 16 kwenye 5 GHz. Hakuna draiva inayoweza kuwahi hapo, basi kazi hiyo ni ya chipu. Ukiona unajiuliza utatumaje ACK, umepotea njia.

## Hatua ya 6: Cheza na redio zisizokuwepo

Kerneli ina moduli iitwayo `mac80211_hwsim`, inayounda redio za bandia zinazosikilizana ndani ya mashine moja. Sielewi kwa nini haitajwi mapema zaidi kwa wanaoanza, maana inatoa karibu kila kitu isipokuwa antena.

```
sudo modprobe mac80211_hwsim radios=2
iw dev
```

Kwenye mashine pepe isiyo na Wi-Fi nyingine utaona `phy0` yenye `wlan0` na `phy1` yenye `wlan1`. Moja iwe kituo, nyingine mteja. Andika `kituo.conf`:

```
interface=wlan0
driver=nl80211
ssid=mazoezi
hw_mode=g
channel=1
```

Mteja muhamishie katika eneo lake la mtandao:

```
sudo ip netns add pili
sudo iw phy phy1 set netns name pili
sudo hostapd kituo.conf
```

Iache `hostapd` ikiendelea, fungua terminali nyingine:

```
sudo ip addr add 192.168.77.1/24 dev wlan0
sudo ip netns exec pili ip link set wlan1 up
sudo ip netns exec pili iw dev wlan1 connect mazoezi
sudo ip netns exec pili ip addr add 192.168.77.2/24 dev wlan1
sudo ip netns exec pili ping -c 3 192.168.77.1
```

Usiiruke ile `netns`. Anwani zote mbili zikiwa katika eneo moja, kerneli inagundua kuwa zote ni zake na kujibu ndani kwa ndani. Ping itafanikiwa bila fremu hata moja kupita, nawe utasherehekea bure.

Washa sasa `hwsim0`, kiolesura cha kunasa kila kinachosemwa na redio hizo:

```
sudo ip link set hwsim0 up
sudo tcpdump -i hwsim0 -e -n
```

Mkate mteja kwa `sudo ip netns exec pili iw dev wlan1 disconnect`, muunganishe tena, na ule mpangilio wa hatua ya 5 utapita mbele ya macho yako.

Sehemu yenye faida kubwa ni hii: nakili msimbo wa `mac80211_hwsim`. Kwenye kerneli mpya umo `drivers/net/wireless/virtual/`. Weka `pr_info` mwanzoni mwa kila funksheni iliyomo kwenye jedwali lake la `ieee80211_ops`, ujenge, upakie, kisha urudie kuunganisha. `dmesg` itakuonyesha kerneli inaomba nini kwa draiva, na kwa mpangilio gani. Hifadhi orodha hiyo. Ndiyo ramani ya draiva yako.

## Hatua ya 7: Tambua chipu yako ni ya kundi gani

Chipu za Wi-Fi ziko za makundi mawili. Kundi la kwanza hutuma na kupokea fremu, lakini maamuzi ya kujiunga na mtandao huyaachia kerneli. Draiva zake hujengwa juu ya `mac80211` (sehemu ya kerneli inayofanya maamuzi hayo), mfano `ath9k_htc`, `mt76` na `rtw88`. Kundi la pili hufanya hayo yote ndani ya programu dhibiti yake, na draiva huzungumza na `cfg80211` (tabaka la kerneli la kusanidi Wi-Fi) moja kwa moja, kama ilivyo `brcmfmac`. Ukikosea kundi, utaandika draiva nzima juu ya msingi usiohusika.

Kwa kundi la kwanza, kiwango cha chini cha kujaza katika `ieee80211_ops` ni `tx`, `start`, `stop`, `config`, `add_interface`, `remove_interface` na `configure_filter`. Kerneli za karibuni zinadai pia `wake_tx_queue`, na unaweza kuipa `ieee80211_handle_wake_tx_queue` iliyo tayari. Zilizo mpya zaidi zinadai vilevile `add_chanctx`, `remove_chanctx`, `change_chanctx` na `switch_vif_chanctx`, nazo zina za tayari zinazoanza na `ieee80211_emulate_`. Ukisahau mojawapo, `ieee80211_alloc_hw` hurudisha `NULL` na kuacha onyo kwenye `dmesg`.

Soma `ath9k_htc` kwa kufuata fremu moja tu, kutoka `tx` mpaka inapokabidhiwa USB. Usijaribu kuisoma yote.

## Hatua ya 8: Gusa kifaa halisi, polepole

Soma `drivers/usb/usb-skeleton.c`, kisha andika moduli yenye `probe` na `disconnect` peke yake, ikitambua namba za kifaa chako. Lengo la kwanza ni dogo: soma rejista inayotaja toleo la chipu, uichapishe. Lengo la pili ni kupakia programu dhibiti kwa `request_firmware`. Ukifika hapo ndipo uanze kufikiria kutuma fremu.

Kumbukumbu unayoikabidhi USB iombwe kwa `kmalloc`, isiwe kwenye staki. Chomoa kifaa ghafla mara nyingi wakati kinafanya kazi. `Disconnect` ndiyo funksheni inayoficha makosa mengi kuliko zote. Na mipaka ya chaneli na nguvu ya kutuma iheshimu kama `iw reg get` inavyoionyesha. Iko kisheria, na kuivuka kunavuruga mawasiliano ya wengine.

Kama chipu yako haina hati wala draiva huria ya jamaa yake wa karibu, ushauri wangu ni kuiacha utafute nyingine. Kuchunguza chipu isiyojulikana ni taaluma nyingine, na si mahali pa kujifunzia draiva.

## Mambo yakikwama

`Invalid module format`: umejenga kwa kerneli tofauti na inayokimbia. Linganisha `modinfo jaribio.ko` na `uname -r`.

`Key was rejected by service` au `Required key not available`: Secure Boot inakataa moduli isiyotiwa saini. Izime kwenye mashine pepe.

`Unknown symbol in module`: `insmod` haipakii tegemezi. Tanguliza `sudo modprobe mac80211`. Ikibaki vilevile, kagua mstari wa leseni.

`Module mac80211_hwsim not found`: kwenye Ubuntu sakinisha `linux-modules-extra-$(uname -r)`. Kerneli zilizopunguzwa kwa ajili ya seva za wingu mara nyingi hazina Wi-Fi kabisa, badilisha kerneli.

`Direct firmware load ... failed with error -2`: faili haipo. Jina kamili linalotafutwa limo kwenye ujumbe huohuo.

`Operation not possible due to RF-kill`: `sudo rfkill unblock wifi`.

`Device or resource busy (-16)`: NetworkManager huenda imekishika kifaa. Iambie ikiache: `sudo nmcli device set wlan0 managed no`.

`rmmod` inasema `Module is in use`: zima kiolesura na simamisha `hostapd`. Kama bado, kuna rejeleo ulilolichukua bila kulirudisha, na dawa ni kuanzisha mashine pepe upya kisha kulitafuta kwenye msimbo.

Mashine imeganda na `dmesg` haifikiki: iwashe upya, usome `journalctl -k -b -1`. Ikiwa ujumbe wa mwisho haukuwahi kuandikwa kwenye diski, iunganishe mashine pepe na konsoli ya serial, ongeza `console=ttyS0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, kisha rudia kosa. Soma kuanzia mstari wa kwanza wa `BUG` au `Oops`. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake tu.